Jiko la Mkaa Kwenye Nyumba ya Mashine

Nianze na aibu yenyewe ili tumalizane nayo. Nilikimbia. Kengele ililia, taa nyekundu ikaanza kuzunguka, na mimi niliyekuwa karibu na batani kuliko mtu yeyote Uyole nzima nikaondoka. Nilitoka na gambuti mguu mmoja. Lile lingine lilibaki koridoo limesimama wima kama linamsubiri mwenyewe. Nikapita getini, nikavuka mtaro, nikaingia kwenye shamba la viazi la watu, nikalala kifudifudi katikati ya matuta, mikono kichwani, nasubiri jengo lipasuke.

Halikupasuka. Wala halikuwa na mpango huo.

Kwa hiyo ninyi vijana mnaoingia kazini kwenye ukumbi wa pili, mkisikia watu wanataja Baba Neema halafu wanacheka, sababu ndiyo hiyo. Mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijasahau. Shule niliishia Form Two, tena hiyo Form Two yenyewe nilikuwa naingia kwa kuchungulia, kwa hiyo msitegemee maandishi ya injinia. Mtegemee maandishi ya mtu aliyeogopa miaka yote ya kazi yake na akalipwa mshahara.

Maana kazi ile, nyie, ni ya kuogopa. Sitaki kuwadanganya.

Mimi nilikuwa fundi friji pale Soweto, Soweto ya hapa Mbeya. Kibanda changu kilijaa majokofu ya wauza soda na ya mabucha, mengine wenyewe walishayasahau. Siku moja akaja binti amevaa koti zito, akasalimia vizuri, shikamoo mzee, nikamwambia marahaba, friji yako iko wapi.

"Sijaibeba," akasema. "Ni kubwa. Mtu anaingia ndani."

"Ya bucha?"

"Hapana. Ya kompyuta."

"Kompyuta zinaoza?"

"Zikipata joto zinaoza haraka kuliko nyama, mzee."

Huyo ndiye injinia Atupele, mtoto wa Tukuyu, umri wa binti yangu Neema. Ndiye alikuwa bosi wangu mpaka nastaafu. Nilimfuata siku ileile, nikijua naenda kutengeneza friji. Nikaingia ukumbini, nikaona makabati meusi yamepangwa mistari, taa ndogondogo zinakonyeza, na feni zinavuma kwa sauti moja kama nyuki wa mzinga mkubwa. Nikauliza, sasa hapa kuna nini. Atupele akaniambia kuna pesa za watu za kwenye simu, kuna kadi za wagonjwa, kuna matokeo ya wanafunzi, kuna stakabadhi za wakulima. Vyote vinakaa humo.

Nikamuuliza, "Na hiki kitu kikizimika?"

Akasema, "Ndiyo maana tunataka fundi."

Toka siku hiyo sijawahi kulala vizuri. Dada yangu yuko Tosamaganga kule Iringa, anauza maziwa, analipwa kwenye simu. Kila nikisikia feni moja imebadilisha sauti, nilikuwa namuona dada ameshika simu, kile kiduara kinazunguka tu, hela haiji, na wateja wanamtazama. Wenzangu walikuwa wanaogopa mitambo. Mimi nilikuwa namuogopa dada.

Somo la kwanza, basi, mlichukue hapa: kwenye kazi hii kelele ni rafiki. Cha kuogopa ni kimya. Mkizoea ule mvumo mtaacha kuusikia, na hapo ndipo penye hatari. Mimi nilikuwa nikifika asubuhi nasimama mlangoni kwanza, nimefumba macho, nasikiliza. Ndelwa wa jenereta alikuwa ananicheka anasema, "Mzee, unasali au unasinzia?" Nilikuwa nafanya vyote. Ila feni mbovu nilikuwa naijua kabla haijafa. Feni ikitaka kufa inaanza kulalamika kama mtu mwenye mafua.

Huyo Ndelwa ni mtu wa Njombe, mfupi, mbishi, rafiki yangu. Alikuwa akiingia ukumbini anavaa vile vizuia kelele vikubwa masikioni, ukimwita hata ukiwa nyuma yake hasikii. Mkumbuke hilo, linakuja.

Jengo lenyewe kwa nje mnalijua, ni kama ghala la mbolea. Halina madirisha ya kuchungulia. Mwanzoni watu walisema mengi. Kuna waliosema limeficha dhahabu ya Chunya. Kuna waliosema litaajiri Mbeya nzima, wakaja na vyeti kwenye bahasha wakapanga foleni getini. Ukweli ni kwamba ndani tulikuwa wachache. Kompyuta hazihitaji watu wengi, zinahitaji watu waangalifu. Kazi nyingi zilikuwa nje ya ukuta. Yule mama wa wali maharage pale mkabala na geti alianza na meza, sasa hivi ana banda la bati na wasichana wawili wa kumsaidia. Wenye nyumba za kupanga wakapiga rangi. Kuna wa kuleta dizeli, wa kufyeka majani, wa kuchomelea mageti, wa kuvuta nyaya mpaka Iringa na kwingine. Kuna watoto wa hapahapa walioanza vijikampuni vyao vya simu na hesabu za maduka, maana mtandao ulikuwa umesogea karibu. Wote hao walikuwa hawaingii ukumbini hata siku moja, lakini feni zikisimama na wao wangesimama. Nilikuwa nikipita getini nikiwaona nafsi inaniuma. Nasema, Mungu wangu, wote hawa wameshikilia huu uzi, na aliyeshika spana ni mimi.

Sasa moshi.

Mbeya baridi yake ni mali. Atupele alitueleza, kwingine wanachoma umeme mwingi kupoza mashine, sisi hapa tunafungua tu. Ukuta wa nyuma una madirisha makubwa ya nyavu, ndani yake kuna feni za kuvuta hewa, hewa ya Uyole inaingia bure, inapita kwenye machujio, inapoza makabati. Ndiyo sababu mojawapo ya jengo kuwekwa huku. Lakini hewa ikiingia inaingia na vyote vyake. Ikifika ule wakati wa kuandaa mashamba, wakulima wanachoma masalia, na moshi unakuja. Ndani ukumbini kuna mabomba membamba darini ambayo kazi yake ni kunusa tu. Yananusa kuliko mbwa. Yakinusa moshi yanadhani ni kabati linaungua, yanapiga kengele, na baada ya kengele inakuja gesi.

Gesi ile ni ya kuzima moto. Haichomi, hailipuki, inajaa tu ukumbi mzima ghafla mpaka moto unakosa pumzi. Na mtu aliye ndani naye anaweza akakosa pumzi. Mashine zenyewe hazipendi, maana ikitoka inatoka kwa mlio mkali unaoweza kuua diski, na hewa yote inafungwa. Kwa hiyo mlangoni kuna batani. Kengele ikilia unapewa muda mfupi. Ukiibonyeza batani ukaishikilia, gesi inasubiri. Ukiachia, inaendelea na safari yake.

Atupele alitufundisha wote, mpaka walinzi, mpaka Mama Sekela wa usafi. Akasema aliye karibu na mlango ndiye anayeshika, hata kama ni mgeni amekuja kuuza karanga. Mimi siku ya mafunzo nilikaa nyuma na Ndelwa tukitaniana. Nikauliza swali moja tu, kama kuna soda.

Kwa habari ya moshi wa mashamba nilitumwa mimi, kwa kuwa ndiye mwenye mdomo. Nilienda kwa mzee Mwazembe, Msafwa mwenye shamba la viazi nyuma ya jengo, nikamhutubia. Nikamwambia mzee, ukitaka kuchoma utuambie mapema, tutafunga madirisha, tutawasha viyoyozi. Nikamwambia moshi ni adui wa maendeleo. Nilisema maneno mengi, mengine sijui niliyatoa wapi. Alinisikiliza ameegemea jembe, akasema, "Sawa, nimeelewa. Nikichoma nitakuita." Na kweli kila mwaka alikuwa anatuma mtu.

Ukaja mwezi wa sita. Ninyi wa Iringa na Mbeya sihitaji kuwaeleza mwezi wa sita. Ukungu umelala chini, majani meupe, vidole haviwezi hata kufunga kifungo. Sasa mimi nashika spana ya chuma. Na wiki ile ndiyo wiki mbaya kuliko zote, maana wenye jengo walikuwa wanakuja kutoka Dar kuamua. Walitaka kujenga ukumbi wa pili, ama hapa kwetu ama mkoa mwingine. Tuliambiwa watatazama kila kitu, na hasa kama mashine zimewahi kuzimika. Hazikuwa zimewahi. Mama Sekela kila akipiga deki alikuwa anaongea habari hiyo, kwa sababu binti yake, Sekela mwenyewe, alikuwa amemaliza chuo cha ufundi umeme na yuko nyumbani anakunja nguo. "Baba Neema," alikuwa ananiambia, "huo ukumbi ukijengwa hapa mwanangu anaingia. Ukipelekwa kwingine, anaenda Dar, na Dar simpeleki." Nilikuwa namjibu asiogope. Mimi namjibu mtu asiogope.

Nyumbani baridi ikizidi tunafanyaje? Tunawasha jiko la mkaa. Basi nikaja na jiko langu dogo, na mkaa kwenye mfuko, na magunzi ya mahindi ya kuwashia. Ndani sikuthubutu kuingia nalo, akili hiyo nilikuwa nayo. Nikazunguka nje nikitafuta pa kuliweka. Mbele upepo, pembeni walinzi watanicheka. Nikafika nyuma, chini ya yale madirisha ya nyavu, nikawasha.

Nyie, mkaa ulikuwa na unyevu wa ukungu, na bado ulishika wenyewe. Sikupepea hata kidogo. Magunzi yalilipuka, mkaa ukaanza kuwa mwekundu, mimi nimekaa tu mikono mfukoni naangalia. Nikasema, hii kona imebarikiwa. Nikapanga kabisa moyoni kwamba kesho nije na sufuria nichemshe na mahindi. Nikaliacha lishike vizuri, nikaingia ndani koridoo kuvaa gambuti, nikazibue mtaro kabla wageni hawajaja.

Nimevaa moja. Kengele ikalia.

Hapo ndipo mlipoanzia kusoma. Batani iko ukutani, nikinyoosha mkono naifikia. Niliiona. Nataka mjue kwamba niliiona kabisa. Lakini mwili wangu ulishaamua. Unajua mtu ukiogopa kitu kila siku, miaka, unadhani siku kikija utakuwa tayari. Mimi siku kilipokuja nilikuwa nimeshaishiwa. Miguu ilikwenda, mimi nikaifuata.

Nikiwa kwenye matuta nasikia jembe linasimama. Mzee Mwazembe.

"Leo mimi sijachoma kitu," akasema.

"Lala chini, mzee. Jengo litapasuka."

Akalala. Mzee wa watu, na koti lake, akalala kwenye tuta la jirani. Tukakaa hivyo. Kengele inalia kule. Baadaye akainua kichwa.

"Wenzako wako wapi?"

Hapo nikapigwa na baridi ambayo si ya mwezi wa sita. Ndelwa. Ndelwa alikuwa ndani ya ukumbi anakaza chujio, na vile vitu vyake masikioni. Hasikii kengele. Hasikii chochote. Gesi ikitoka imkute humo.

"Na ule moshi," Mwazembe akaendelea, bado amelala, anaonyesha kwa kidole, "pale ukutani kwenu. Mimi mnanikataza. Yule nani anachoma?"

Nikatazama. Moshi mweupe umetoka chini, haupandi juu kama moshi wa kawaida. Umelala, umenyooka, unaingia ukutani wote, kama ukuta unavuta sigara. Ndipo nikaelewa kona yangu ilibarikiwa na nini. Mkaa ulikuwa haujipepei. Ulikuwa unapepewa na feni za jengo. Nilikuwa nimelitilia jengo moshi mdomoni, halafu nikashangaa limekohoa. Moshi wa shamba la jirani niliujua, niliuhutubia kabisa. Moshi wangu mwenyewe sikuufikiria kwamba ni moshi.

Nilirudi. Msinipongeze, nilirudi kwa kuwa sasa niliogopa zaidi huko nilikokuwa. Nikalikuta jiko, nikalishika kwa mikono, kiganja hiki kina alama mpaka leo, nikalitupa mtaroni. Nikaingia koridoo nachechemea na gambuti moja. Moyoni nilishamzika Ndelwa, nafikiria namna ya kumwambia mke wake.

Nikamkuta Mama Sekela.

Amesimama ukutani. Dekio liko chini, ndoo imepinduka, maji yametapakaa. Kidole gumba kiko kwenye batani, mkono wa pili umeushika ule wa kwanza usitoroke. Machozi yanamtoka, midomo inasali Kinyakyusa. Nikasogea nimsaidie.

"Usiniguse," akasema. "Usiniguse, Baba Neema. Nitaachia."

Nikasimama hapohapo kama lile gambuti.

Mlango ukafunguka. Atupele anatoka anamvuta Ndelwa kwa kola, na Ndelwa anagomba. "Mbona unanivuta kama mbuzi, sijamaliza kukaza." Alipovua vile vitu masikioni akasikia kengele, ndipo naye akakaa chini kwenye maji.

Nikamwambia Atupele, "Ni jiko langu. Lilikuwa chini ya madirisha. Nimelitoa."

Alinitazama. Uso wake siwezi kuwaeleza, mngeuona msingezembea maisha yenu. Akaenda kwenye kile kisanduku cha ukutani, akasoma, akasubiri. Tukasubiri wote. Mabomba yananusa, yananusa, hewa safi inaingia polepole. Mama Sekela bado ameibana batani. Hatimaye Atupele akabonyeza vitu vyake, kengele ikakata.

"Mama, achia sasa."

"Nikiachia?"

"Imeisha, mama. Haitatoka."

Mama Sekela akatikisa kichwa. "Ingia humo ndani usimame. Ndiyo nitaachia."

Injinia mzima, bosi wa watu, alimtazama yule mama wa usafi, halafu akafungua mlango, akaingia ukumbini, akasimama katikati ya makabati, akageuka akamtazama kupitia kioo. Mama Sekela akafumba macho, akaachia.

Tukasikiliza. Feni zikaendelea kuvuma.

Wageni walikuja wiki ileile. Atupele hakuficha kitu, aliwaonyesha kengele ililia lini, moshi ulitoka wapi, na kwamba hakuna hata taa moja iliyozimika. Mmoja wao akaomba apelekwe nyuma aone ile kona. Alisimama pale muda mrefu anatazama majivu, na mimi nimejificha nyuma ya jenereta. Kwa nini waliamua kujenga hapa sijui, wenye hela hawanielezi. Lakini ukumbi mnauona. Na huyo Sekela atakayewapa funguo siku ya kwanza, mkimuona mkali kwenye habari ya batani, mjue amerithi. Mimi sikufukuzwa. Adhabu yangu ilikuwa kuwafundisha wapya wote kushika batani, na kila mara nianze kwa kueleza habari ya viazi.

Mchana wa siku ile tulikaa kwenye benchi la mama wa wali. Ndelwa anakula kama mtu aliyefufuka. Mimi sahani iko mbele yangu, kijiko siwezi kukishika, kiganja kimefungwa kitambaa, na macho siwezi kuyainua. Nikamwambia Mama Sekela, "Mwenzangu, wewe una moyo. Mimi ni mwoga, basi, Mungu ameniumba hivyo."

Akaendelea kutafuna. Kidole chake gumba kilikuwa bado kimejikunja, kimekataa kunyooka.

"Unadhani mimi sikuogopa?" akasema. "Niliogopa mpaka nikalia. Ila wewe uliogopa kubaki, Baba Neema. Mimi niliogopa kuachia. Sasa kula, wali unapoa. Na kesho uje na gambuti zote mbili."